Nguo ya Kuvaa Chini ya Suti Kavu

Shangazi yangu alinifunda siku tatu kabla ya harusi, na maagizo yake karibu yote nimeyasahau. Moja tu ndilo lililoniganda: nguo zangu za ndani, mkwe asizione. Zisionekane kambani, zisionekane bafuni, zisionekane kwenye kapu la nguo chafu. "Hata siku ya kufa," alisema, "uwe umeshazianua." Nilicheka, lakini agizo nililishika. Kwa miaka tisa ya ndoa, kila mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi Grand Prairie, Texas, akitokea Stafford karibu na Houston, anakoishi na wifi yangu, nguo zangu nilizikausha ndani ya kabati la chumbani, kwenye kamba niliyoifunga nyuma ya makoti. Mume wangu aliiita kamba ya magendo.

Mama mkwe naye alikuwa hivyo hivyo. Nyumba yetu ilikuwa na bafu moja, yeye alikuwa akikaa wiki tatu hadi nne, na sikuwahi kuona hata uzi wake mmoja. Sikujua alikuwa akizianika wapi. Tuliheshimiana sana, tena mno, kama abiria wawili wasiojuana waliopangiwa kiti kimoja safari ya kutwa: pole kwa hili, samahani kwa lile, na hakuna anayepata usingizi.

Na mimi mwenye adabu zote hizo ndiye niliyejiingiza kwenye mchezo ambao swali la kwanza unaloulizwa ni umevaa nini ndani.

Nilianza kuzamia mwaka 2017. Kazi yangu ilikuwa uuguzi kwenye kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Ukumbi mzima ni mashine, na kila mashine ina mlio wake. Hii ikinyamaza ile inaanza, mgonjwa wa kushoto anakuita, daktari anakuita, simu inakuita. Nikifika nyumbani binti yangu, wakati ule ana miaka saba, ananiita kwa Kiingereza, na baba yake ananiita kwa Kiswahili kuuliza soksi ziko wapi. Nilikuwa nimejifunza kuogelea ukubwani, nikiwa nimeshikilia ukingo wa bwawa kama mgonjwa wa siku ya kwanza kitandani. Siku moja mfanyakazi mwenzangu akanishawishi niende naye darasa la kuzamia. Nikashuka na mtungi wa hewa mgongoni mpaka sakafu ya bwawa, nikapiga magoti, nikasubiri mtu aniite. Hakuna aliyeniita. Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilitoka nikiwa mtu mwingine, na jioni hiyo hata soksi nilizitafuta kwa upendo.

Watu wa nyumbani wanadhani Texas ni joto mwaka mzima. Wangekuja Januari kwenye lile shimo la zamani la kuchimbia mawe, lililojaa maji, nje ya jiji, ambako wazamiaji hufanyia mazoezi, wangenyamaza. Suti ya kawaida ya mpira inaruhusu maji kuingia, na kwa maji ya baridi kali inakusaidia dakika chache tu. Majira ya baridi ya kwanza nilikaa miezi minne bila kuzamia. Mume wangu anaweza kuwaeleza miezi hiyo ilikuwaje. Nilikuwa nagombana hata na masufuria.

Ndiyo maana majira yaliyofuata, mwishoni mwa 2018, nikajiandikisha kujifunza suti kavu. Hii ni suti inayokubana shingoni na mikononi ili maji yasiingie kabisa. Lakini yenyewe haina joto. Joto ni lako, na kinacholitunza ni nguo unayovaa ndani yake. Mwalimu wetu, mzee wa Kimarekani mwenye masharubu meupe na subira ya ajabu, alilieleza hilo darasa zima. Mimi nilisikiliza sehemu ya kwanza. Sehemu ya nguo niliona naijua tayari, kwa sababu mtoto wa kwetu nani asiyejua kujikinga na baridi? Kwetu ni pamba. Mtoto mchanga pamba, mzazi pamba, mwenye kifua pamba. Basi nikavaa fulana mbili za pamba, suruali ya kubana ya pamba, na juu yake sweta zito la mume wangu, la pamba pia.

Siku ile ya Desemba ilikuwa na jua. Kuvaa suti yenyewe ni kazi ya kusukumana na kuvutana. Mpaka namaliza nilikuwa nimelowa jasho chapachapa, na bado sijagusa maji. Kisha tukashuka. Dakika ya tano nikaanza kutetemeka, ya kumi meno yakawa yanagongana kwenye kipumulio, na mwalimu akanionyesha kidole gumba kilichoelekea juu: tunapanda. Nilipotoka nikamwambia suti imevuja. Akaikagua. Haikuwa imevuja popote.

"Tatizo si maji," akaniambia. "Tatizo ni jasho lako. Pamba ikilowa inakaa na unyevu."

Mimi muuguzi, niliyewafuta wagonjwa wa homa kwa vitambaa vya pamba vilivyolowa ili kuwapoza, nikawa nimejifunga kitambaa hicho mwili mzima kwa hiari yangu. Nilikasirika, na kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumkasirikia nikamkasirikia mwalimu, mpaka tulipofika maegesho ya magari nikamwomba radhi.

Akaniambia nafasi iliyobaki ni Jumamosi moja tu ya Januari. Baada ya hapo anafanyiwa upasuaji wa goti, hatafundisha tena mpaka joto lirudi. Kwangu maana yake ilikuwa wazi: nikishindwa, ni miezi mingine ya mashine na simu bila mahali pa kwenda kunyamaza. Niliapa kwamba nikishindwa tena nauza vifaa vyote niache kujisumbua.

Nikaenda kununua nguo. Katika duka la vifaa vya michezo nilizunguka kwenye nguo za watu wa michezo ya theluji nikizipapasa moja moja. Nilitafuta ya sufu nyepesi, inayogusa ngozi bila kuwasha, inayovuta jasho na kulitoa nje. Isiwe nene mno nikashindwa kuinua mkono, isiwe nyembamba mno suti ikanifinya. Niliipata moja, ya kijivu, suruali na blauzi ya mikono mirefu, ya mwisho ya kipimo changu. Niliishika kifuani mpaka kwa keshia.

Jumapili iliyofuata mama mkwe akafika. Mume wangu alimfuata Stafford, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, wakaja na boksi la maembe ya sokoni Houston na pilau ya wifi. Mama alikuwa fundi cherehani Morogoro miaka thelathini, mshonaji wa sare za shule, mjane, mwembamba, msemaji wa maneno machache yanayofika. Kuhusu kuzamia hakujua lolote. Tulimwambia Jumamosi nakwenda mazoezini, na hilo halikuwa uongo.

"Mwambie tu," mume wangu alinisihi chumbani. "Mama hana shida. Ata-appreciate."

"Ata-appreciate nini? Mkwewe anakwenda kujitosa kwenye shimo?"

"Basi shauri yako."

Jumatano jioni tulifanya majaribio kwenye bwawa la ndani, lenye maji vuguvugu, na sufu yangu ikanywa jasho mpaka ikawa nzito. Alhamisi nikaifua kwa mkono. Kwenye lebo iliandikwa wazi: itandazwe ikauke yenyewe, isiingizwe kwenye mashine ya kukaushia. Nilisoma. Nilisoma mara mbili. Lakini nikaitandaze wapi? Bafuni, mama anaingia. Kwenye kibaraza, mama ndipo anapoota jua. Kamba ya magendo ilikatika nilipojaribu, na zulia la chumbani likaanza kulowa. Nikasimama na lile furushi linalodondosha maji, nikimsikia mama anacheka na televisheni sebuleni, nikajiambia dakika ishirini tu za moto mdogo haziwezi kuua nguo.

Nilipofungua mashine nikatoa nguo ya mtoto. Nilipoijaribu, mikono yake iliishia kwenye viwiko vyangu, na kiuno hakikupita goti. Nikaificha chini kabisa ya kapu, nikaenda kupika nikiwa nimevimba kwa hasira. Mama akaniuliza kama vitunguu vimenikera.

Ijumaa sikuwa na zamu. Mama alikuwa mezani anakunywa chai ya maziwa, mimi nachemsha mayai, mume wangu ameshatoka kwenda ofisini kwake Dallas. Binti yangu akatoka chumbani, badala ya nguo za shule amevaa ile sufu ya kijivu. Ilimkaa kama ameshonewa.

"Bibi, look," akasema, akijisugua mikono. "It's so soft."

Mama akamvuta karibu, akashika ukosi kwa vidole viwili, akausugua kama mafundi wanavyofanya.

"Sufu safi hii. Ya nani?"

"It's Mommy's. For diving. It got small."

Mama huwa haelewi Kiingereza anapopigiwa simu na watu wa matangazo. Siku hiyo alikielewa chote. Akaniangalia. Nikamwambia mtoto akavae sare, basi linakuja, nikamsindikiza mpaka kituoni taratibu kuliko siku zote. Niliporudi mama alikuwa bado pale pale, ile sufu iko mapajani mwake.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Kuzamia wapi?"

Nikamweleza. Shimo, maji, mtungi, suti, Jumamosi ya mwisho, goti la mwalimu. Nilitegemea anikatishe, hakunikatisha.

"Na hii umeiharibuje?"

"Niliikausha kwa mashine."

"Sufu?" Sasa sauti ilipanda. Kuzamia hakukumshtua, sufu kwenye mashine ndiyo iliyomshtua. "Ulishindwa kuianika?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Kwa sababu nipo mimi."

"Mama, ni nguo ya ndani," nikasema.

Akaikunja ile sufu mara mbili. Nilidhani nimemuudhi. Kisha akauliza duka ninaloweza kununua nyingine liko wapi, nikamwambia ilikuwa ya mwisho. Akauliza kitambaa gani kingine kinafaa kikilowa kisikae na maji. Nikamwambia blauzi zangu za kukimbilia za poliesta zinafaa kugusa ngozi, ila juu yake inahitajika nguo ya joto, si pamba.

"Lile blanketi lako jekundu ni pamba?"

Blanketi hilo nilipewa kazini kama zawadi ya Krismasi: manyoya mafupi laini, jekundu, limejaa wanyama weupe wenye pembe wanaokimbia kwenye theluji. Lilikuwa poliesta tupu.

"Mama, siwezi kwenda mbele za watu na wanyama hawa."

"Utakuwa umevaa suti juu. Nani atawaona?"

Cherehani tuliazima kwa jirani wa chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayeshonea kwaya ya kanisani kwao. "Kamata tu, mama," alimwambia mama mkwe wangu. "Masini iko inaikala bule." Cherehani haikuwa na kazi siku hiyo, basi tukaipandisha ngazi tukiishika huku na huku. Kisha mama akatoa futi yake ya kupimia kwenye mkoba, ile ya njano iliyofutika namba, akaingia chumbani kwetu, akaniambia nivue.

Nilisimama kwenye zulia mbele ya mkwe wangu nikiwa na sidiria na chupi, mchana kweupe. Nilimfikiria shangazi. Mama alipima kifua, kiuno, paja, kifundo, akiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, uso mkavu wa fundi kazini. Halafu akataka koti langu moja alinganishe mabega. Kabla sijamzuia alishafungua kabati.

Kamba ya magendo nilikuwa nimeiunga tena asubuhi ile. Zilikuwa zimejipanga pale, chupi sita na sidiria tatu, zinadondosha maji kwenye taulo kuukuu. Mama akaziangalia. Akachukua koti, akafunga mlango wa kabati polepole, akaendelea kuandika.

"Sasa nionyeshe unafanya nini huko chini," akasema.

Nikalala kifudifudi kwenye zulia nikapiga miguu. Nikapiga magoti. Nikanyoosha mkono nyuma ya bega, kwa sababu lazima uweze kufikia vali ya mtungi ulio mgongoni. Nikainua mkono wa kushoto, kwa sababu huko ndiko hewa inakotolewa kwenye suti. Mama alikuwa ameketi kitandani na pini mdomoni.

"Kwapa litabana," akasema. "Nitaweka kipande. Na hiyo suti inakubana mwili mzima?"

"Ukishuka, ndiyo. Kila mkunjo unauhisi."

"Basi mishono yote iwe nje, isikukwaruze. Suruali nitaiwekea mkanda wa kupita chini ya unyayo, isipande ukivaa." Hakuna aliyemwambia hayo. Baadaye niliona nguo za dukani za kazi hiyo zina vitu hivyo hivyo. Mgongoni akaamua kuweka tabaka mbili. "Figo," alinieleza mimi, muuguzi wa figo.

Alishona kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni. Nilikaa sakafuni nikimkatia nyuzi. Katikati ya mguu wa kushoto akauliza bila kuniangalia, "Huko chini unafuata nini hasa?"

"Kimya, mama. Hakuna anayeniita."

Cherehani ikaendelea kidogo, ikasimama.

"Mimi nilikuwa na watoto watano na sare mia mbili kila Januari," akasema. "Nilikuwa najifungia bafuni. Nafungua bomba lijaze ndoo, wanajua mama anaoga. Nakaa kwenye kigoda, nimevaa nguo zangu zote, mpaka ndoo ijae. Halafu natoka." Akavuta kitambaa. "Sijawahi kumwambia mtu."

Nikampa uzi mwingine.

Jumamosi alikuja nasi. Mume wangu aliendesha, mama kiti cha mbele amevaa koti la mwanawe, mtoto nyuma na mimi. Kwenye ule ukingo wa mawe wa lile shimo upepo ulikuwa unakata. Nilivaa blauzi ya kukimbilia, juu yake wale wanyama wenye pembe, na miguuni soksi za sufu za mama alizozivua mwenyewe kwenye gari. Wanafunzi wenzangu walinicheka na mimi nikajicheka. Sikutoka jasho, maana nguo ilipita kwenye suti bila vita.

Tulishuka. Baridi ilinishika midomo na mashavu, nikaingoja ishuke kifuani. Haikushuka. Suti ilinibana, hakuna mshono ulionikwaruza. Nilifikia vali kwa mkono wa kulia, nikatoa hewa kwa wa kushoto, kwapa halikubana. Tulilizunguka basi la shule lililozamishwa makusudi kwa ajili ya mazoezi, tukakaa chini nusu saa nzima, na kwa mara ya kwanza chini ya maji hakikuwa kimya tu nilichokuwa nakisikia. Nilimsikia mama akiniambia figo.

Nilipotoka alikuwa amesimama ukingoni na chupa ya chai ya tangawizi. Hakuuliza nimefaulu au la. Mwalimu alipofungua zipu ya mgongoni, mama akapitisha mkono wake mkavu ndani, akanipapasa kuanzia begani hadi kiunoni.

"Mkavu," akasema, akamwangalia mwalimu kama anayemkabidhi sare.

Mwalimu alikuwa anawatazama wanyama. Akaniuliza nguo hii nimeinunua wapi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba imeshonwa na mama yangu. Nilisema mama yangu, na sikuongeza neno. Mama alijifanya hajaelewa, ila alinimiminia chai mpaka ikamwagika.

Jumatatu mume wangu alikwenda kazini, mtoto akaenda shule, tukabaki wawili. Niliingia bafuni kupiga mswaki nikakuta ile nguo nyekundu imefuliwa, imetandazwa kwenye fimbo ya pazia. Pembeni yake yalikuwepo magagulo mawili, moja lina kiraka. Kisha sidiria nyeupe iliyoungwa mkanda. Kisha chupi nne kubwa za maua, zimebanwa kwa vibanio, bila taulo la kuzifunika. Miaka tisa. Nilisimama na mswaki mdomoni nikalia kama mjinga.

Nilinawa uso, nikaenda chumbani, nikafungua kabati. Zangu nilizofua jana zilikuwa bado zina unyevu, maana nyuma ya makoti hakuna nguo inayokauka. Nikazikusanya zote, nikarudi nazo bafuni, nikaanza kuzibana moja moja baada ya zake.

Mama alikuwa jikoni anasukuma chapati. Nadhani alisikia vibanio.

"Za kwako zisogeze upande wa dirisha," akasema kutoka huko. "Hapo zinakauka kabla ya saa tisa. Mimi siku zote nazianika hapo mkishaondoka."

Nikazisogeza.